Nimetoka Comic Con ya Joburg: juu ya nini Batman ya resini iko bei kuliko malakiti yetu?

Mwana_Kenya (#1)

Jambo bote. Niko na swali moja inanikula kichwa tangu nirudie Lubumbashi na kule nyumbani hakuna mutu ananijibu vizuri, bote basema tu "bale bako na makuta ya kuchezea".

Nilienda Joburg kufata pisi (vipuri) za gari, kazi yangu ya kila siku, Kasumbalesa, Chirundu, Beitbridge, njia munaijua. Mudogo wangu anasoma kule, akanambia yaya, jumamosi acha pisi zako, twende Comic Con, yale maonyesho ya bapenzi ba mashujaa ba hadithi za picha na filme, iko kule Nasrec, karibu na ule uwanja mukubwa wa Soccer City. Nilizani ni mambo ya bedé (vitabu vya hadithi za picha) kama zile tulikuwa tunasoma tukiwa batoto. Weee! Batu bengi kama siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo. Mustari wa kuingia peke yake ulitukulia saa mbili. Niliona mama muzima, nazani miaka hamsini, na mabawa ya manyoya ku mugongo, anakula chipsi pole pole kama mutu anangoja bisi.

Lakini mimi kile kiliniua ni masanamu. Kuko moja ya Batman, ndani ya vitrini, amechutama juu ya kona ya nyumba, urefu kama kutoka ku vidole vyangu mpaka ku kiwiko. Niliinama mpaka pua ikagusa kioo. Glovu iko na mikunjo pale kidole kinakunja. Ku kidevu ndevu za siku mbili zimechorwa moja moja. Koti ya nyuma ni kitambaa cha kweli, ndani bameweka waya ili ikae kama upepo unaipiga. Na chini, lile jiwe amekanyaga liko na maji ya mvua, si maji, ni vernisi tu, lakini nilikuwa naona nikiigusa nitalowa.

Bei rand 18,500. Ni dola elfu moja na kitu. Nikauliza yule kijana, hii ni jiwe gani? Ananiambia resini, ile plastiki inamwangwa ikiwa maji kisha inakauka.

Resini! Mimi natoka muji wa malakiti, ile jiwe yetu ya kijani. Tembo wa malakiti, jiwe ya kweli, mukono wa mutu, pale town unapewa na dola 25, ukisimama vizuri unaishusha mpaka 15. Sasa munieleze pole pole: juu ya nini?

Katuba_Boy (#2)

Uliingia kule na pisi za gari ngapi kwanza? Hahaha.

Dereva_Tunduma (#3)

Karibu jukwaani mkuu. Wewe ni Mkenya unaishi Lubumbashi au imekaaje? Maana Kiswahili chako sijui nikiweke Mombasa au wapi.

Mwana_Kenya (#4)

Kenya ni komini, sehemu ya muji wa Lubumbashi bwana. Tuko na Kenya yetu hapa na soko ndani.

Dereva_Tunduma (#5)

Haya nimekoma. Miaka sita napeleka mzigo huko na sikuwahi kujua, mimi najua foleni ya mpaka na wali wa mama mmoja pale Kasumbalesa basi. Endelea na Batman wako. Ila na mimi swali: hiyo Comic Con si ya Wamarekani wa San Diego? Wameshafungua tawi Joburg?

Infografa243 (#6)

Salama bakubwa. Mimi nafanya infografia, kuchora na ordinateri (kompyuta), hapa hapa Lubumbashi. Yaya Mwana_Kenya, ile Batman haikuchongwa vile unawaza. Siku hizi bengi banachongea ndani ya ordinateri, kuko programu inaitwa ZBrush, uko na kalamu na donge la udongo ku skrini, unavuta, unakata, unasugua. Kisha printa ya 3D inatoa ile ya kwanza vipande vipande, kichwa pembeni, mukono pembeni. Banasugua na musasa mpaka mistari ya printa iishe. Juu yake banamwanga silikoni, ikikauka uko na mold, yaani kalibu. Ndani ya mold banamwanga resini imechanganywa na unga wa jiwe, ile banaita polystone, njo maana ukiiinua iko nzito na iko baridi ku mukono. Mwisho rangi. Macho mara nyingi banayagonga na kimuhuri cha laini ili yote yafanane, sababu jicho likienda pembeni milimita moja tu Batman anakuwa mulevi. Rangi ingine ni mutu na bomba ya kupulizia na kaburashi, moja moja.

Kwa hiyo pale unalipa wa kuchonga, wa mold, wa kusugua, wa rangi, boksi, na lile povu jeupe la ndani ya boksi, na meli. Hesabia mwenyewe.

Prof_Kamalondo (#7)

Infografa umeeleza kazi vizuri, lakini kazi haielezi bei. Mama anayebeba makaa kutoka porini anafanya kazi kuliko hao wote na tunambembeleza apunguze mia mbili.

Bei ni leseni. Batman ana mwenyewe, tangu 1939 ana mwenyewe. Huwezi kuuza hata kidole chake bila kulipa. Tembo hana mwenyewe, kila mtu anachonga tembo, ndiyo maana yuko dola 15. Pili ni idadi. Chini ya zile sanamu utaona namba, kwa mfano 212 kwa 750, na karatasi ya kuthibitisha. Wakifika 750 wanavunja mold, imekwisha, ukitaka nyingine unaitafuta kwa mtu.

Na kwa Dereva: ndiyo, ni wale wale wa San Diego, walianza 1970, ndiyo ya kwanza duniani.

Infografa243 (#8)

Prof kwa heshima, ile ya kuvunja mold ni hadithi tamu ya bauzaji. Silikoni inachoka yenyewe, ukiimwangia resini makumi ya mara inaanza kupasuka ku makona, unatengeneza ingine kutoka kwa ile ya kwanza. Kile kinazuia ni mukataba.

Kadutu_Juu (#9)

Jambo kutoka Bukavu. Prof mbili nakusahihisha. San Diego njo ilianza 1970 kweli, batu kama mia tatu tu mu hoteli, leo banapita 130,000. Lakini haiko ya kwanza, New York kulikuwa moja mu 1964. Na ile ya Joburg haiko tawi ya San Diego. Bale ba San Diego bako shirika yabo peke yabo. Ya Joburg ilianza 2018 na watu wa kampuni ya ReedPop, bale bale banafanya ya New York ya sasa. Jina linafanana tu, kama vile kila muji uko na "Butiki Umoja".

Prof_Kamalondo (#10)

Napokea. Ila hoja ya leseni nabaki nayo mkononi.

Katuba_Boy (#11)

Acheni mimi niseme mambo ya kweli ya maisha. Nonko wangu alitoka Ubelgiji akaniletea sanamu ya Sangoku, ule wa Dragon Ball ya Japani, ile ya plastiki, si ya bei, nywele za manjano mikono mbele anatuma kamehameha, ile nguvu yake ya mikono. Nikaiweka juu ya televizyo karibu na dirisha. Mwezi wa kumi munajua vile jua la Lubumbashi linakuwaka mbele mvua ianze. Wiki ya kwanza nikaona kama anainama kidogo, nikasema macho yangu. Wiki ya tatu Sangoku alikuwa anabusu televizyo! Kweli, paji la uso ku skrini kabisa. Mama yangu akasema umeona, hata yeye amechoka na televizyo yako.

Infografa243 (#12)

Hahahaha. Ile ni PVC, joto inailegeza, na uzito wote uko ku bifundo bya miguu. Chemsha maji, yasitoke povu, ingiza miguu yake kidogo, nyoosha pole pole, kisha hapo hapo maji ya baridi. Atasimama. Lakini mutoe ku dirisha.

Katuba_Boy (#13)

Nimechelewa. Mudogo wangu alimunyoosha na mukono kavu. Sasa tuko na Sangoku na miguu ya Sangoku, bintu bibili.

Mama_wa_Bane (#14)

Wanangu nawasalimia. Mimi sijui resini wala leseni, nasoma tu juu ya kijana wangu wa tatu anapenda haya mambo. Naomba niulize bila kuchekwa. Mwaka jana alileta nyumbani sanamu ya mwanamke ana pembe mbili na macho mekundu, anasema ni wa bedé ya Japani. Usiku mimi kuamka kwenda kunywa maji, courant hakuna, naangazia na telefone, nakutana na ile kitu inaniangalia. Nilipiga kelele jirani akaamka. Kesho yake dada mmoja wa kikundi cha sala akaniambia mama, hiyo ni mulango, roho zinapitia hapo. Nikaitoa. Niliifunga ndani ya kitambaa nikaitupa.

Sasa kijana miezi miwili hakunisemesha vizuri. Nikaja kujua alikuwa ameiweka pesa yake ya kazi ya miezi mitano. Ninyi munasema nini, hivi bintu biko na shida ao haviko?

Dereva_Tunduma (#15)

Shikamoo mama. Shida iko kwa huyo dada wa sala, siyo kwa sanamu.

Mwana_Kenya (#16)

Mama pole. Mimi sitacheka, sababu pale Nasrec kulikuwa moja ya mutu iko na nyoka ndani ya mudomo na nilipita haraka haraka. Lakini ni rangi tu, mama. Munulie ingine, hata ndogo, ile haina pembe.

Prof_Kamalondo (#17)

Swali la mama si la kucheka hata kidogo. Babu zetu hawakuchonga mti ili upendeze kwenye kabati. Nkishi wa Waluba au wa Wasongye alikuwa na kazi, anawekewa dawa, anaulizwa, anaheshimiwa. Kwetu sanamu ambayo haifanyi kitu chochote, imekaa tu inaangaliwa, ndiyo jambo geni. Huenda hata bei inatoka hapo: mzungu ananunua kitu cha kuangalia, sisi tunauliza kinafanya nini.

Katuba_Boy (#18)

Prof, sanamu ya Tshombe, mukubwa wa zamani wa Katanga, pale Posta inafanya nini?

Prof_Kamalondo (#19)

Inakuonyesha pa kungojea teksi.

Goma_Virunga (#20)

Hahaha! Salama kutoka Goma, siku hizi kucheka ni kwa kutafuta, aksanti kwa uzi. Sisi huku tuko na sanamu ya Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, ya rangi ya dhahabu pale ronpwen (mzunguko wa barabara), tangu 2009. Haina leseni, haina namba, na kila harusi inaenda kupigia foto pale. Juu kila mutu wa Goma, mali yake ao ya jirani, ilibebwa na chukudu. Kwa hiyo mimi nasema si leseni si resini. Mutu analipia kile alishaka penda mbele ya kukiona. Batman wa #1 alikuwa anamujua tangu kitoto. Tembo ya malakiti nani anaijua? Ni tembo tu, haina jina.

Dereva_Tunduma (#21)

Hapo Goma umegusa, lakini mimi naona mnazunguka. Ni sifa. Jamaa ana hela, ana sebule, anataka mgeni akiingia aulize "hii umeipata wapi". Kwetu mtu ananunua gari la Crown, huko ananunua Batman. Ingeuzwa rand 300 asingeitaka.

Kadutu_Juu (#22)

Dereva, basi elezea bale ba Japani. Kuko maonyesho inaitwa Wonder Festival, mara mbili kwa mwaka, kule Makuhari Messe, Chiba. Batu bengi bale banauza pale ni bachongaji ba nyumbani, kazi yabo ingine kabisa, mutu anatengeneza vipande makumi kadhaa vya resini haina hata rangi, ananunua mwenzake anaenda kuunga na kupaka mwenyewe. Na leseni, Prof, sikiliza hii: benye wahusika banatoa ruhusa ya siku moja. Siku ile tu unauza, ndani ya ile nyumba tu, jioni imeisha. Kesho ukiuza hata moja uko na kesi. Na bantu banalala njiani juu ya ile siku moja. Pale sifa iko wapi? Kipande hakina rangi, kiko ndani ya mufuko wa plastiki.

Prof_Kamalondo (#23)

Hii ya siku moja imenipa nguvu, haijanipunguzia. Ruhusa ikiwa fupi, kitu kinakuwa adimu.

Kadutu_Juu (#24)

Ao imenipa mimi nguvu. Tutaona.

Malakiti_14 (#25)

Bakubwa jambo. Nasoma tangu jana, sikutaka kuandika, lakini munasema juu ya tembo na mimi njo nachonga tembo. Miaka 14 sasa, na mbele yangu alikuwa papa.

Niwaambie kwanza vile inaenda. Jiwe tunanunua kwa kilo, inatoka upande wa Kolwezi, ingine Kambove. Haujui ndani kuko nini. Unaikata na disike ya almasi na maji juu, maji yasikosekane, sababu vumbi ya malakiti ni shaba, ukiivuta kila siku utakohoa kijani. Ukifungua unaona mistari, mwangaza, giza, mwangaza, giza, na mara ingine duara kama jicho. Ukibahatika jicho linakaa pale pale tembo iko na jicho. Hapo unafurahi siku nzima. Lakini jiwe ni laini, na pale mistari inapita kombo inavunjika bila kukuambia. Mukonga wa tembo njo unaua bengi. Kisha musasa, 220, 400, 800, mpaka 2000, na maji, na mwisho unasugua na kitambaa na unga wa kung'arisha mpaka unaona uso wako. Tembo moja ya ukubwa wa ngumi ni siku mbili, tatu.

Pale town wanauza dola 25 mimi nilipata 9.

Sasa ile munasema, sijui leseni, sijui sifa. Mimi nimeangalia tu foto moja ya Batman ule ku telefone ya mutoto wangu na kile kilinishangaza ni nyuma. Bamechonga hata nyuma, chini ya ile koti, pale hakuna mutu anaangalia. Sisi tembo yetu chini tunaikata tu sawa ili ikae. Mwana_Kenya, ulipoinama, uliona chini yake? Kuko nini?

Mwana_Kenya (#26)

Papa Malakiti aksanti sana, sikuzani mutu mwenyewe atakuya. Chini sikuona sababu ya kioo. Lakini kulikuwa upande ingine, pale basanii benyewe banakaa na meza zabo, kijana mmoja alinipa sanamu yake nishike, ndogo, ya msichana na upanga. Nikaigeuza. Chini aliweka jina yake, mwaka, na namba 3. Na ku soli ya kiatu alichonga alama za viatu, ile mistari ya mupira, na kajiwe kamoja kamekwama ndani ya mistari. Kajiwe! Nilimuuliza nani ataona? Akacheka tu.

Malakiti_14 (#27)

Kajiwe. Eh.

Infografa243 (#28)

Papa, unaweka jina yako chini ya tembo zako?

Malakiti_14 (#29)

Hapana. Bauzaji hawapendi. Mutu akiona jina atanitafuta mwenyewe.

Goma_Virunga (#30)

Njo hapo sasa! Bei iko hapo.

Prof_Kamalondo (#31)

Polepole Goma. Hoja ya jina ina tundu. Kulikuwa na fundi kaskazini ya Katanga ya zamani, anachonga viti vya wafalme, mwanamke amebeba kiti kwa vidole virefu na uso mwembamba wenye huzuni, ukiona kimoja utavitambua vyote. Hakuandika jina popote. Wazungu wakamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji, na baadaye ndipo likasikika jina Ngongo ya Chintu. Leo kiti chake kimoja kiko Metropolitan Museum, New York. Bila saini, bila leseni, bila namba. Na thamani yake inanunua Batman wote wa Nasrec na meza zao.

Malakiti_14 (#32)

Prof, ule muzee alilipwa ngapi juu ya kile kiti?

Katuba_Boy (#33)

Prof ameenda kutafuta teksi pale Posta.

Mama_wa_Bane (#34)

Papa Malakiti, samahani natoka nje ya mada kidogo. Niko na yai la malakiti nilipewa siku ya ndoa, limekuwa na ukungu mweupe mweupe. Niliosha na ndimu ndiyo ikazidi.

Malakiti_14 (#35)

Mama ndimu hapana! Ndimu, vinega, vyote vinalikula, malakiti haitaki kitu kikali. Maji na sabuni kidogo, ukaushe. Lililokufa uso linarudi na musasa wa 2000 na maji tu. Uko Lubumbashi? Lilete, sitachukua kitu.

Mama_wa_Bane (#36)

Mungu akubariki papa.

Dereva_Tunduma (#37)

Nirudi kwenye mada kabla hamjafungua zahanati ya mayai. Kuna kitu hamjasema, feki. Mimi Tunduma niliuziwa Spider-Man "ya Marekani", boksi zuri, ndani harufu kali kama rangi ya mlango, buibui la kifuani lina miguu saba. Nimehesabu mara tatu. Saba.

Infografa243 (#38)

Hahaha mukubwa walikupiga. Ile ni mutu alinunua moja ya kweli, akaimwangia silikoni juu, akatoa zake. Njo maana inakuwa ndogo kidogo kuliko ya kweli na makona yanakuwa ya kulegea, kama sabuni imetumika. Ya kweli makona yanakata.

Kadutu_Juu (#39)

Na pale njo tunarudia kwa swali ya #1. Kama bei ni jiwe, feki na ya kweli ni resini moja. Kama bei ni kazi, hata feki iko na kazi. Kama ni kumbukumbu, Spider-Man ya miguu saba inakukumbusha ule ule Spider-Man. Na bado feki hatuitaki.

Dereva_Tunduma (#40)

Mimi naitaka, iko kwenye dashibodi. Imeshazoeleka, mwanangu anamuita Saba.

Katuba_Boy (#41)

Mimi niko na pendekezo. Bote munalia Batman Batman. Nani hapa ataacha kununua Kidiaba? Robert Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe, anarukaruka na matako chini, na kale kamukia ka nywele nyuma. Mazembe 2009 tukiingia finali ya dunia ya klabu! Mutu achonge ile, mimi natoa dola mia leo, haki ya mungu, na sina.

Goma_Virunga (#42)

2010. 2009 mulienda mukarudi mapema. 2010 njo mulipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, kisha Inter ya Milano ikawapa tatu. Mimi si wa Mazembe na nakumbuka kuliko wewe.

Katuba_Boy (#43)

2010 sawa. Nilikuwa nalia, sikuona kalanda.

Mwana_Kenya (#44)

Kidiaba ya malakiti! Jezi kijani haiko yetu lakini jiwe litasamehewa. Mimi pia natoa mia.

Prof_Kamalondo (#45)

Nimerudi, teksi hakuna. Kwa Papa Malakiti #32: sijui nani angejua. Na kwa Katuba: Kidiaba ni mtu hai, sura yake ni yake, ukimchonga kwa kuuza lazima umuone mwenyewe mukubaliane. Leseni, munaona? Imerudi yenyewe.

Katuba_Boy (#46)

Prof utakufa na leseni yako.

Malakiti_14 (#47)

Sikuwa hapa siku ine. Nilijaribu.

Nilichukua kipande kimoja nilikuwa nimekiweka pembeni, mistari yake inapanda kama moshi. Kumukalisha chini haikuwa ngumu, matako na miguu mbele ni jiwe nono, halivunjiki. Mikono nilimuwekea karibu na mwili, si vile anafanyaka, lakini mukono ukiutuma mbali unaenda. Uso nilifanya siku mbili. Nilitafuta video na mutoto wangu, tunasimamisha, tunaangalia, tunasimamisha, ile anacheka domo wazi. Ilikuya. Mutoto alisema papa ni yeye. Jicho la jiwe, lile duara, nilikuwa nimelipanga likae ku tumbo, pale mpira unamupigaka.

Jana jioni nikafika ku nywele. Kale kamukia. Nikakashika na kifaili kadogo ka kusugua, pole pole, na mustari mweupe ulikuwa unapita pale pale ku shingo, niliuona tangu mwanzo na nikasema utapita salama. Kichwa chote kilibaki mu mukono yangu.

Mwana_Kenya (#48)

Eh papa. Pole sana.

Katuba_Boy (#49)

Kichwa chake na miguu ya Sangoku wangu vikae pamoja. Pole papa, kweli.

Infografa243 (#50)

Papa, usitupe kichwa. Ninaweza kukipiga foto pande zote, nikikipiga foto mingi mingi programu inakitengeneza ndani ya ordinateri vile kilivyo. Tunakitoa na resini, uzito kidogo, mukia hauvunjiki. Mwili ubaki malakiti, kichwa resini tunakipaka kijani.

Prof_Kamalondo (#51)

Kichwa cha resini juu ya mwili wa malakiti. Na bei yake itakuwa ya nani?

Malakiti_14 (#52)

Hapana, nitagundisha na gundi na unga wa jiwe lenyewe, tunafanyaka hivyo ku bintu byote bya kuuza, hakuna mutu anaona. Lakini hii naacha mustari uonekane.

Dereva_Tunduma (#53)

Mkuu unauza bei gani? Napita tarehe 20.

Malakiti_14 (#54)

Hii haiko ya kuuza. Ya pili tutaongea, na mutu amuone mwenyewe Kidiaba kwanza vile Prof anasema. Lakini mbele ya ile, nani iko na foto yake ya nyuma? Video zote ni za mbele. Ule mukia unaanzia juu ya kichwa ao chini ku shingo, ule mwaka wa 2010? Ukianzia chini nitaulaza ku mugongo, utashikana na jiwe, hautavunjika.

Goma_Virunga (#55)

Niko na rafiki alikuwaka Abu Dhabi. Ngoja nimuulize.